Bunduki Garini na Kahawa Njiani: Maneno ya Wasafiri wa Barabara ya Moyale

Na Mwandishi Wetu

Ukifika mji wa Isiolo jioni utayakuta malori yamejipanga kando ya barabara, mengine yamebeba unga na sukari ya kwenda Moyale, mengine yametoka huko na ng'ombe na mbuzi wa kupelekwa Nairobi. Madereva na utingo wao huketi mbele ya hoteli, wakapumzisha migongo na kupeana habari za njia. Nimeketi nao mara nyingi, na katika mazungumzo yao nimesikia maswali mawili yakirudi kila mara. Swali la kwanza ni hili: Je, yafaa msafiri achukue bunduki garini mwake? Na la pili: Ni wapi katika njia hii mtu aweza kupata kikombe cha kahawa nzuri?

Mgeni akisikia huenda akacheka, kwa kuwa swali moja ni la kufa na kupona, na jingine ni la ulimi tu. Mimi pia nilicheka. Lakini hivi karibuni nilipanda lori kutoka Isiolo mpaka Moyale, na niliporudi nilikuwa nimefahamu kwa nini watu wale wale huuliza maswali yote mawili.

NJIA YENYEWE

Wasomaji wengi hawajapata kuiona njia hii, basi nitaieleza kwa ufupi. Kutoka Nairobi mpaka Isiolo ni kilomita 270 hivi, na hapo mashamba huisha na nyika huanza. Njia huvuka mto Ewaso Ng'iro penye Archer's Post, ikapita Laisamis, ikapanda mlima wa Marsabit wenye msitu na ukungu, kisha ikashuka katika jangwa la mawe la Dida Galgalu, ikapita Turbi, na mwisho ikafika Moyale mpakani mwa Ethiopia. Toka Isiolo hata Moyale ni karibu kilomita 500.

Kwa miaka mingi hapakuwa na lami. Vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, viliacha silaha na chuki katika nchi ile, na serikali za Somalia na Ethiopia zilipoanguka mwaka wa 1991 bunduki nyingine nyingi zilivuka mpaka. Siku zile magari yalikusanyika Isiolo, yakaenda kwa msafara pamoja na askari wenye silaha. Safari ilikuwa ya siku mbili au tatu, na abiria maskini walikaa juu ya vyuma vya lori, huku ng'ombe wakiwa chini yao na jua juu yao. Lami ilijengwa kipande kwa kipande, na vipande vya mwisho vilikamilika katika miaka ya 2016 na 2017. Tangu hapo basi huweza kuondoka Nairobi jioni likafika Moyale siku ya pili yake.

Hatari imepungua sana, lakini haijakwisha. Mnamo Mei 2022 Serikali ilitoa amri ya watu wa Marsabit kutotoka nje usiku, kwa sababu ya mauaji na wizi wa mifugo. Kwa hiyo swali la bunduki si swali la kipuuzi.

MWENYE KUTAKA BUNDUKI

Katika lori tulikuwa watu wanne: dereva, mzee wa miaka sitini na zaidi, utingo wake, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenyeji wa Moyale, na mimi. Hata kabla hatujafika Archer's Post mfanyabiashara alianza kueleza shauri lake. Alisema anakusudia kuomba cheti cha bastola, na sababu zake alizitaja kwa utaratibu kama mtu aliyezifikiri usiku mwingi.

Alisema, "Mimi hununua ng'ombe minadani. Watu wote hujua siku ya mnada, na hujua kwamba siku ile nina fedha. Nimekwisha kuibiwa mara moja, nikavuliwa hata viatu. Tena kuna sehemu ambapo mtu aenda mwendo mrefu bila kuona kituo cha askari. Mwizi ana bunduki. Mimi nina fimbo. Niambieni, haki iko wapi hapo?"

Maneno haya nimeyasikia kwa watu wengi, wala si maneno ya watu wabaya. Wako wachukuzi wa mali, wenye maduka, na wakulima wapelekao mazao mbali, ambao husema kwamba bunduki ikijulikana kuwa iko, mwizi atafikiri mara mbili. Wengine husema kwamba bunduki humpa msafiri moyo, hata kama hataitumia kamwe.

MANENO YA DEREVA

Dereva hakujibu mpaka tulipopita Laisamis. Kisha akasema kwamba yeye, kabla ya kumpakia mtu, humwuliza kama ana silaha. Na akiwa nayo bila kuwa askari, hampandishi. Mfanyabiashara akamwuliza, "Mzee, kwa nini?" Naye akatusimulia.

Zamani za barabara ya vumbi alimpakia tajiri mmoja aliyekuwa na bastola ndani ya koti. Walikuta mawe yamewekwa barabarani. Dereva alijua desturi ya wezi wa siku zile: huchukua fedha, saa, nguo na chakula, wakakuacha uende na roho yako. Akasimamisha lori, akainua mikono. Lakini tajiri alitoa bastola akapiga risasi mbili dirishani, asimpate mtu. Wezi nao wakajibu kutoka pande mbili za njia. Dereva akatia gia akapita juu ya mawe, nao wakaokoka. Fedha zilisalimika, na tajiri hakupata hata mkwaruzo. Walipofika mbele na kusimama, utingo hakuitika. Alikuwa juu ya magunia, naye alikuwa amekwisha kufa.

"Alikuwa kijana wa kijiji chetu," dereva akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba kwa mama yake. Nilipomrudishia maiti, mama aliniuliza neno moja tu: fedha zile zilikuwa kiasi gani? Mpaka leo sikumwambia."

Hakuna aliyesema neno kwa mwendo mrefu. Kisha dereva akaendelea kwa sauti ya upole, maana hakutaka kumwaibisha mwenzake. "Bwana, mimi sikatai kwamba umeonewa. Lakini dereva mikono yake iko kwenye usukani. Mwizi amejificha, wewe waonekana. Yeye amechagua mahali, wewe hukuchagua. Tena bastola yenyewe ni mali, na wako watakaokufuata kwa ajili yake tu."

Mfanyabiashara akajibu, "Basi Mzee, sisi tukae tu tuibiwe?" Na hapo nasema kweli, dereva hakuwa na jibu la kumtosheleza. Alisema tu kwamba kazi ya kulinda njia ni ya Serikali, na kwamba yeye huuliza habari kabla ya kuondoka, wala hapiti usiku mahali asipopewa habari njema.

Tulipokuwa tukisikiliza mambo haya nilikumbuka kwamba Turbi ilikuwa mbele yetu. Alfajiri ya tarehe 12 Julai 2005 watu wenye silaha waliushambulia mji ule, wakawaua watu zaidi ya 50, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi wa shule. Nchi ile haikukosa bunduki mikononi mwa watu. Ilikuwa nazo tele, na kila kabila liliitafuta bunduki yake kwa kuogopa bunduki ya jirani. Kama wingi wa bunduki ungeleta amani, kaskazini ya Kenya ingekuwa nchi ya amani kupita zote.

SHERIA YASEMAJE

Kwa ajili ya wale ambao bado wana nia ya kuchukua silaha, yafaa kuikumbuka sheria. Sheria ya Silaha ya Kenya, ambayo ni Sura ya 114, yakataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti hakitolewi kwa kutaka tu. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya haki, na kuchunguzwa kama ni mtu wa akili timamu na mwenendo mwema. Cheti hutaja silaha yenyewe na hesabu ya risasi, na wenye kukitoa waweza kukifuta.

Yafaa kukumbuka pia kwamba cheti ni cha mtu, si cha gari. Tajiri mwenye cheti asidhani kwamba aweza kumwachia dereva wake bastola ndani ya lori na yeye akalala nyumbani. Dereva akikamatwa nayo atakuwa mwenye makosa. Wala cheti cha Kenya hakina nguvu ng'ambo ya mpaka. Mtu wa Moyale aliyezoea kuvuka kwenda kununua vitu upande wa pili, akivuka na bastola kiunoni, ataingia katika shida kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia.

KAHAWA YA KWETU TUSIYOINYWA

Sasa nirudi kwenye swali la pili. Nalo pia ni la uhai, kwa sababu adui wa msafiri si mwizi peke yake. Kila mwaka toka 2021 mpaka 2024 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya kwa ajali. Barabara ya lami iliyonyooka, yenye jua kali na mandhari yasiyobadilika, hulaza macho ya dereva kama wimbo ulazavyo mtoto. Dereva wetu alisema kwamba tangu lami ije ameona rafiki zake wengi zaidi wakiuawa na usingizi kuliko waliouawa na wezi. Ndiyo maana madereva hutafuta kahawa.

Lakini hebu fikiri jambo hili la ajabu. Mtu atokaye Nairobi kwenda Isiolo hupita Thika, kisha Murang'a, kisha Sagana na Karatina. Pande zote mbili za njia ni nchi ya kahawa, tena kahawa ambayo wanunuzi wa Ulaya na Marekani huigombania. Akisimama hotelini katika miji hiyo na kuuliza kahawa, mara nyingi ataletewa maji ya moto na unga wa kopo, au ataambiwa, "Kahawa hakuna, kuna chai." Na aliyemwambia hivyo huenda baba yake ana miti mia tano ya kahawa nyuma ya nyumba.

Sababu yake twaijua. Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890, na kwa muda mrefu Mwafrika alizuiwa kuipanda. Ruhusa ilianza kidogo kidogo huko Meru na Kisii katika miaka ya 1930, na haikuenea mpaka baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Toka mwanzo mkulima alifundishwa kuchuma tunda jekundu na kulipeleka kiwandani, wala hakufundishwa kulikaanga na kunywa. Hata leo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kahawa ya Kenya huuzwa nchi za nje. Waethiopia, kwa upande wao, hunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa yao. Hapana shaka kuuza ni kuzuri, maana karo za shule zimelipwa kwa kahawa. Lakini mtu asiyejua ladha ya zao lake atajuaje kama bei aliyopewa ni ya haki?

VIKOMBE VITATU

Tulifika Marsabit alasiri. Mfanyabiashara alitaka tuendelee, ili alale kwake Moyale usiku ule ule. Dereva akasema kwamba atakunywa kahawa kwanza, akatuongoza katika nyumba ndogo ya mama mmoja, mjane wa rafiki yake.

Kwa wale wasioijua desturi hii, nitaieleza, maana ni desturi ya kupendeza. Mama aliosha buni mbichi, akazikaanga katika kikaango juu ya makaa, akatuletea moshi wake tunuse. Kisha akazitwanga kinuni, akazichemsha katika chombo cha udongo chenye shingo nyembamba kiitwacho jabana. Kahawa humiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, nayo hunywewa mara tatu. Mara ya kwanza Waethiopia huiita abol, ya pili tona, na ya tatu baraka. Neno hilo la tatu halina haja ya kufasiriwa kwa Mswahili. Wazee wa Kiborana wana desturi nyingine pia, ya kukaanga buni pamoja na maganda yake ndani ya samli, na hiyo ni ya dua na heshima.

Mtu asiyetulia hawezi kunywa kahawa hii, maana yachukua saa nzima na zaidi. Na katika saa ile watu huingia na kutoka: mchungaji aliyeleta maziwa, mwalimu, dereva aliyetoka Moyale, askari wa zamu aliyemaliza kazi. Kila mmoja hutoa habari zake. Tulipokuwa katika kikombe cha pili tuliambiwa kwamba asubuhi ile ng'ombe walikuwa wameibwa mbele yetu, na kwamba watu wenye silaha walikuwa wakifuata nyayo, na nyayo zenyewe zilielekea kuvuka barabara.

Dereva akageuza kikombe chake akakitazama, akasema, "Tutalala hapa." Mfanyabiashara alikasirika. Alihesabu hasara yake, akasema kwamba habari za wanywa kahawa ni uvumi. Mama yule akamjibu bila kumtazama, huku akimmiminia kikombe cha tatu, "Mwanangu, mume wangu naye alisema ni uvumi." Basi mfanyabiashara akanyamaza, akanywa.

Asubuhi tuliondoka pamoja na malori mengine mawili. Askari tuliowakuta njiani walitueleza kwamba usiku milio ya bunduki ilisikika karibu na barabara, na kwamba magari mawili yaliyokuwa yakienda yalilazimika kurudi. Hakuna aliyeumia. Mfanyabiashara hakusema neno, ila tulipofika Moyale alimshika dereva mkono kwa mikono yake miwili. Kama ataomba cheti au hataomba, sijui. Lakini kabla ya kuagana alimwuliza dereva jina la mtaa anaokaa yule mama wa Marsabit.

Wala jambo hili si la kaskazini tu. Baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014, wasafiri wa njia ya Garsen kwenda Lamu nao walisindikizwa na askari. Na mtu akifika Lamu salama, huwakuta wazee wameketi barazani, na muuza kahawa amechukua dele lake la shaba na kugonganisha vikombe. Huko nako habari za njia hupatikana penye kahawa chungu, wala haziuzwi.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kutokana na niliyoyaona na kuyasikia, nawapa wasomaji mashauri haya machache.

Kwanza, kabla ya kuingia sehemu ya hatari, uliza habari kwa watu watatu walau: askari, dereva aliyetoka huko, na mwenyeji. Kuuliza si ujinga.

Pili, usichukue fedha taslimu nyingi. Siku hizi fedha hupelekwa kwa simu na kwa benki, na mwizi hana la kufanya na mtu asiye na kitu.

Tatu, ukiambiwa uende kwa msafara, nenda kwa msafara, hata kama wachelewa. Hasara ya siku moja hulipika.

Nne, usingizi ukija, simama. Kahawa husaidia, lakini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi mwilini, wala haiwi badala ya kulala.

Tano, ikiwa una silaha kwa haki na kwa cheti, waambie wenzako kabla hawajapanda gari pamoja nawe. Roho zao pia zimo katika shauri hilo.

Kwa Serikali twasema kwamba mfanyabiashara yule aliuliza swali la haki, na jibu lake ni vituo vya askari vilivyo karibu karibu, na askari wafikao upesi wanapoitwa. Mtu akiwa na hakika ya kulindwa hatatafuta bastola.

Na kwa wakulima wa kahawa na wenye hoteli wa Murang'a, Kirinyaga na Nyeri, nasema hivi: vyama vya ushirika, kwa kufuata masharti ya leseni, vyaweza kukaanga sehemu ya kahawa yao na kuiuza kando ya barabara hiyo hiyo. Madereva mia hupita usiku mbele ya milango yenu wakipigana na usingizi. Wapeni kikombe cha zao lenu wenyewe, na benchi la kukalia, na muda wa kusikia habari. Wazee walisema, "Kawia ufike." Nimeona kwamba mahali pazuri pa kukawia ni penye kahawa.